Hela ya mabati iko kwenye gari, mwanangu

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Za huko Dar, za wodini, za foleni. Huku Tanga sote wazima, mguu wa mama yako umepungua kuvimba na anakusalimia sana. Leo naandika maana kwenye simu ukishaanza "baba eeh baba" mi nababaika na mwisho nasema uongo, na uongo mmoja nishausema tayari. Ile picha niliyokutumia mwezi wa tano, gari inang'aa ukaniandikia hongera baba, niliipiga alfajiri ikiwa imelowa umande ndo maana ilikuwa inang'aa. Ilikuwa imeharibika yote kuanzia boneti mpaka buti.

Na zile laki nane na nusu ulizotuma za mabati ya jikoni, mabati hayajanunuliwa. Tulia kwanza nimalize. Laki mbili na kumi anazo mama yako hazijaguswa, zilizobaki ziko kwenye Peugeot, na nataka nikuambie moja moja zimekwenda wapi maana hela ni yako, una haki ya kuuliza.

Wewe na kaka yako mlisema niiuze. Nilijaribu bana. Alikuja kijana wa chuma chakavu na mizani yake mkokotenini, anaiangalia gari anapiga hesabu ya kilo. Kilo! Hii ni 504 ya familia, safu tatu za viti, gia kwenye stelingi, nyuma ina springi nne mbili kila upande ndo maana tulikuwa tunapakia magunia ya machungwa ya Muheza na haikai chini. Mwaka 1975 Ove Andersson alishinda Safari Rally na 504, mi niko darasa la tano tunagombania redio ya mwalimu, na 1978 ikashinda tena na Jean-Pierre Nicolas, sasa leo mtu anakuja kunipimia kwa kilo kama mafuta ya kupikia. Nikamwambia aende zake, na jioni ileile nikaanza kutoa viti.

Hapo ndo balaa lilipoanza. Nilipofunua kapeti ya upande wa dereva chini kulikuwa kumelowa, nikajua raba ya kioo cha mbele imekufa, maji ya mvua yanashuka nyuma ya dashibodi yanakuja kukaa sakafuni, na huku kwetu na hii hewa ya chumvi kutu haina subira. Nikachukua bisibisi nikadonoa kidogo tu kuona bati lina nguvu kiasi gani, ikazama mpaka mpini. Nikapanua panua lile tundu nichungulie, nikaona mguu wa kuku unapita chini ya gari taratibu. Mama yako alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Basi nikakata pale pabovu pote mpaka nikafika kwenye bati lenye uhai, fundi wa kuchomelea akaja na bati la geji 18 akaziba pande zote mbili za mbele, laki na ishirini hiyo ikaenda. Usije ukamwamini mtu anayekwambia kutu inazibwa na puti, puti juu ya kutu ni kama plasta juu ya jipu, we nesi unajua kuliko mimi.

Sasa rangi. Kosa la rangi ni langu peke yangu na la ubahili. Nilinunua ile ya NC, ya nitroselulosi inayokauka kwa thina kuruka tu, kwa sababu ni rahisi na inakauka haraka, elfu tisini, nikaazima kompresa ya jirani wa pancha nikapulizia mwezi wa tano, masika yenyewe, siku mvua imekatika asubuhi nikasema nawahi kabla haijarudi. Kwa nusu saa ilikuwa nzuri sijawahi kuona. Alafu ikaanza kupata ukungu, mweupe mweupe kama kioo ulichokihemea, unatambaa kutoka kwenye madigadi unapanda boneti, na mi nimesimama na gani ya kupulizia mkononi sina la kufanya. Baadae muuza rangi ndo akanieleza, ile thina inaruka haraka sana na ikiruka inapoza bati, sasa hewa yetu ya masika imejaa maji, bati likipoa maji yanatua juu ya rangi mbichi yanafungiwa humo humo. Kumbe ningetumia thina ya taratibu au ningesubiri tu jua la saa saba. Pia kompresa nilikuwa sijaitoa maji, kesho yake nilifungua kile kibomba cha chini yakatoka maji kama vikombe viwili vya kahawa, mekundu ya kutu, na hayo yote nilikuwa nayapulizia kwenye gari. Jirani mmoja akapita akaniuliza mzee hii rangi ya mashua umeitoa wapi. Sikumjibu.

Ndo asubuhi yake nikakupigia ile picha ya umande. Unisamehe.

Nikakaa wiki mbili siigusi. Nilivyorudi nikataka nipulizie 2K, ile rangi ya kuchanganya na hadina ya kuikausha, juu yake hivyo hivyo, yule muuza rangi akanikataza, thina ya 2K ikikutana na NC chini inaikunja inakuwa kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Kwa hiyo yote nikaitoa, kitambaa na thina, alafu msasa, siku tisa mwanangu, vidole viliisha alama, benki wakaniambia kidole chako mzee hakisomi.

Ila kwenye zile siku tisa ndo nimejifunza gari. Mkono unaona kuliko jicho, unavaa soksi mkononi unafumba macho unaupitisha taratibu kwenye mlango, unasikia bonde ambalo ukiangalia hulioni. Na kuna ujanja mwingine, ukishapiga praima, ile rangi ya chini, unapulizia rangi nyeusi kidogo sana iwe kama vumbi, alafu unasugua na msasa wa maji namba 400 uliofungwa kwenye kipande cha ubao, pale nyeusi inapogoma kutoka ndo pana shimo, unarudishia puti. Mlango wa nyuma kulia, ule kaka yako alioukwangua kwenye geti 2009 akasema ni ng'ombe, nimeurudia mara tano. Mwambie najua hakukuwa na ng'ombe.

Rangi niliyochagua ni ileile ya kwake. Nilitamani kijani cha majani ya mkonge, lakini kadi ya gari inasema krimu na ukibadilisha rangi inabidi uende TRA ubadilishe na kadi, sina miguu ya foleni mimi. Tatizo krimu ya nje ilishapauka huwezi kujua ilikuwaje, basi nilipobandua raba ya buti chini yake nikakuta mstari mwembamba haujawahi kuona jua hata siku moja, rangi kama maziwa yaliyotiwa majani ya chai kidogo tu. Nikaukata pamoja na kipande cha bati lenyewe nikakipeleka dukani wakachanganya pale pale mbele yangu mpaka ikafanana. Lita nne na hadina yake na thina, laki mbili na sitini. Krimu hii haina zile chenga chenga za metaliki kwa hiyo haihitaji klia juu, hapo angalau niliokoa.

Najua swali lako linalofuata. Ndio, mara ya kwanza nilijifunga kitambaa tu puani. Na hii 2K hadina yake si mchezo, ina ile dawa inayokamata mapafu na mtu akishazoeana nayo vibaya hata kidogo tu inamletea pumu. Nilifanyia majaribio kwenye kifuniko cha buti, usiku kifua kikabana nikawa nakaa kitako kitandani, mama yako anataka akupigie nikamzuia. Kesho yake nikanunua mask ile ya vichujio viwili pembeni, elfu arobaini na tano, na miwani na glovu ndefu, na nikapulizia uwanjani upepo unapita, sio kibandani, mama yako na watoto wa jirani wote nikawafukuza waende pwani. Usinigombeze, nishajigombeza. Na hata hiyo mask najua utaniambia haitoshi, wenye kazi zao wanavaa ile ya bomba la hewa safi, ndo maana nimeapa hii ni gari yangu ya kwanza na ya mwisho kupulizia.

Safari hii nilingoja mwezi wa saba, siku kavu, saa tano asubuhi. Nikamwagia maji uwanja mzima vumbi lilale, nikatoa maji kwenye kompresa, nikafuta bodi na kitambaa cha thina maana hata alama ya mkono wenye mafuta inatoboa rangi vishimo vishimo. Gani unaiweka shibiri moja kutoka kwenye bati, na unatembea nayo sawa, hupindi kiwiko kama unamwagilia mchicha, kila mstari unaupanda uliopita nusu. Mkono wa kwanza mwepesi, unasubiri robo saa, wa pili, wa tatu. Nilipomaliza wa tatu nilikaa chini pale pale kwenye tope nikawa naiangalia tu, niliona mawingu yanapita juu ya boneti.

Usiku popo wakaja. Nilisahau kabisa ule mti wa mkungu, na msimu wa kungu popo wanakula kwa fujo, wanadondosha maganda na mengine nisiyoyataja kwenye barua. Alfajiri nikakuta madoa matatu kwenye paa na ganda moja limenasa kwenye rangi. Sikulia ila nilikaribia. Paa nimelisugua na msasa wa 1500, alafu 2000, alafu kompaundi, ukisimama usawa wa mlango huoni kitu, ukipanda ngazi unaona. Nani atapanda ngazi?

Sasa nije ndani, huku ndo kuna utamu wenyewe. Viti nilivifumua mimi mwenyewe uzi kwa uzi na wembe, kila kipande nikakiandika namba na mshale wa mbele, maana kitambaa cha zamani ndo ramani ya kukatia kipya, ukikichana ovyo umepotea. Kwenye safu ya tatu ndani ya sponji nimekuta sarafu za shilingi kumi, Big G imegandia kwenye springi, na hereni yako ya kitone chekundu ile uliyolia nayo siku ile tunapanda Lushoto, ulipotapika pale Soni. Nimeifunga kwenye karatasi iko kabatini. Nilijaribu kushona na cherehani ya mama yako, sindano ya kwanza tap, ya pili tap, ya tatu akaniondoa. Nikampelekea fundi wa Ngamiani mwenye ile mashine nzito ya kushonea ngozi, laki na ishirini na tano viti vya mbele na safu ya kati, ufundi tu. Kitambaa katoa mama yako, kile cha makochi alichokuwa anakificha tangu mwaka juzi, kwa hiyo ujue kwenye kesi hii sipo peke yangu. Kitambaa katikati, reksini pembeni tu, maana reksini tupu na jua la Tanga ukikaa na kaptula unaacha ngozi.

Ukijumlisha hapo utapata laki sita na arobaini kamili, nimepiga mara mbili. Puti, praima na msasa nimetoa kwangu.

Dashibodi ilikuwa imepasuka na jua kama matope ya kiangazi. Nikaifunika na reksini nyeusi inayong'aa nikajiona fundi, nikaitoa kwenda njia ya Pangani kuijaribu, saa sita mchana dashibodi yote iko kwenye kioo cha mbele, sioni barabara naona mipasuko yangu ya gundi. Nikarudi nimetoa kichwa dirishani kama konda. Nimeibandua nimeweka isiyong'aa. Chini badala ya kapeti nimeweka busati la katani, nimelikata kwa kufuata umbo la sakafu na kulipindia ukingo, likilowa nalitoa naanika, bati linapumua. Redio ya zamani sura yake iko pale pale ila nyuma yake kuna kile kidude cha bluetooth, kijana wa simu kanifungia kwa soda.

Kilichobaki ni raba ya kioo cha mbele. Ami yako wa Likoni anaitafuta Mombasa, hizi gari si zilikuwa zinaungwa pale pale, akipata anampa mtu wa basi inapita Horohoro. Kwa sasa kioo kinashikiliwa na tepu.

Jikoni panavuja bado, sehemu moja tu, tumeweka sufuria. Mama yako anasema vuli ikianza ataihesabu mwenyewe ile laki mbili na kumi kama inatosha mabati matatu ya ule upande, mi nasema inatosha.

Ijumaa ukifika stendi ya Kange usichukue bodaboda, nakuja kukupokea. Utaiona tu, nitapaki pale upande wa kivuli. Kaa mbele, nyuma bado kuna gundi haijashika, na mlango uufunge taratibu sana kwa sababu ya kile kioo. Na usivae baibui jipya.

Baba yako