Si ukame peke yake uliowang'oa

Mhariri,

Makala yenu ya toleo lililopita kuhusu Mdororo Mkuu wa Uchumi wa miaka ya 1930 nimeisoma mara mbili. Sehemu ya mabenki na hisa imeelezwa vizuri. Lakini ilipofika kwa wakulima wa Marekani iliwamaliza kwa mstari mmoja, kwamba ukame uliwahamishia California. Nimefundisha Historia kidato cha nne kwa miaka 31, na mstari huo huo ndio niliokuwa nikiukuta kwenye karatasi za mitihani kila mwaka. Naomba nafasi niujibu.

Ukame ulikuwepo, tena mkali. Nyanda za Kansas, magharibi ya Oklahoma na kaskazini ya Texas zilikuwa na nyasi fupi zilizoushika udongo hata mvua zikikosa. Vita vya Kwanza vya Dunia vikapandisha bei ya ngano, matrekta yakaingia, nyasi zikapinduliwa ekari kwa mamilioni. Bei ilipoporomoka baada ya 1929, mkulima mwenye deni benki hakupunguza kulima. Aliongeza, akitumaini wingi wa magunia utafidia udogo wa bei. Mvua zilipokatika kuanzia 1931, udongo ulikuwa uchi. Mei 1934 vumbi la huko lilifika New York na kuangukia meli zilizokuwa baharini. Jumapili ya tarehe 14 Aprili 1935 wingu jeusi liligeuza mchana usiku, na mara baada ya hapo magazeti yakaanza kuliita eneo lile Bakuli la Vumbi. Kina mama walitundika mashuka yaliyoloweshwa maji madirishani, na bado watoto walikufa kwa vumbi lililojaa mapafuni.

Hayo tunayafundisha. Tusilolifundisha ni kwamba wengi wa waliofika California hawakutoka kabisa kwenye vumbi lile. Walitoka mashariki ya Oklahoma, Arkansas, Missouri na Texas, kwenye mashamba ya pamba, na mashamba hayo hayakuwa yao. Walilima ardhi ya mtu kwa kugawana naye mavuno, wakikopa mbegu na unga kwa ahadi ya pamba ambayo haijaota. Mwaka 1933 serikali ya Rais Roosevelt ilitaka kuinua bei ya pamba, ikaamua kuwalipa wakulima wapunguze ekari. Nia ilikuwa njema. Malipo yakapitia mikononi mwa mwenye shamba, na ingawa mpangaji alitakiwa kupewa fungu lake, hapakuwa na wa kumtetea akinyimwa. Ekari zikipungua, watu wanaohitajika nao wanapungua. Mwenye shamba akawaambia wapangaji wafungashe, na mara nyingi fedha ile ile ya serikali ikanunua trekta la kufanya kazi yao.

Naomba msomaji asimame hapo kidogo. Familia ilitolewa kwenye kibanda chake mwaka ambao msaada ulifika. Ulifika kwa jina la mwenye hati, na aliyekuwa akishika jembe hakuwa na jina popote.

Nalisema kwa uchungu kwa sababu nalijua kwa damu. Babu yangu alikuwa manamba, kibarua wa mkataba aliyeletwa kutoka mbali. Alitolewa Kasulu kuletwa Tanga kwenye mkonge, akapewa kipande, yaani kadi ya kuandikia siku za kazi, na siku ambayo hakumaliza ng'we yake, sehemu ya kazi aliyopimiwa, siku hiyo haikuandikwa. Mdororo ule ule mnaousimulia uliishusha bei ya mkonge, na mishahara ya mashambani ikakatwa. Yeye hakuwahi kusikia jina la Wall Street, mtaa wa soko la hisa la New York. Alichojua ni kwamba kazi ni ile ile na shilingi zimepungua, na nauli ya kurudi Kigoma haipo.

Turudi California. Watu walivuka jangwa na magodoro juu ya magari mabovu, wakifuata habari kwamba matunda yanaoza mitini kwa kukosa wachumaji. Februari 1936 mkuu wa polisi wa Los Angeles alipeleka askari 136 kwenye mipaka ya jimbo, mamia ya kilomita kutoka mji wao, kuwarudisha wasio na fedha. Hao walikuwa raia wa Marekani ndani ya Marekani. Ilichukua hadi Novemba 1941 Mahakama Kuu ya nchi kutamka, katika kesi ya mtu aliyeshtakiwa kwa kumleta shemeji yake maskini kutoka Texas, kwamba jimbo haliwezi kumzuia mtu kuingia kwa kosa la ufukara.

Waliofanikiwa kupita waliwakuta wenzao wametangulia. Mashamba yale yalikuwa yakichumwa na Wamexico, ambao miaka hiyo walikuwa wakisombwa kwa treni kurudishwa Mexico kwa malaki, wakiwemo watoto waliozaliwa Marekani. Oktoba 1933 vibarua wa pamba wapatao 18,000, wengi wao Wamexico, waligoma wakitaka dola moja kwa kila ratili 100 (ratili ni karibu nusu kilo). Wenye mashamba walikuwa wakitoa senti 60. Watatu walipigwa risasi wakafa, na mgomo ukaisha kwa senti 75. Kisha zikaja sheria kubwa ambazo vitabu vyetu vinazisifu: haki ya kuunda vyama vya wafanyakazi na pensheni ya uzeeni mwaka 1935, kima cha chini cha mshahara mwaka 1938. Zote tatu zilimwacha nje kibarua wa shamba. Nilipowasomea wanafunzi wangu jambo hilo, binti mmoja aliyekaa nyuma aliuliza: "Mwalimu, sasa waliwatungia nani?" Sikuwa na jibu fupi la kumpa.

Kuna picha ya mama, iliyopigwa Nipomo, California, mwaka 1936, mkono shavuni, watoto wamejificha mabegani mwake. Nadhani wasomaji wengi wameiona. Baridi kali ilikuwa imeua njegere, kambi nzima haina kazi wala chakula. Picha ilipotoka gazetini serikali ilipeleka ratili 20,000 za chakula. Yeye na watoto walikuwa wameshaondoka kutafuta kazi kwingine.

Nisiache kusema jambo moja linalonipa moyo kama mwalimu. Karibu na Arvin, kaunti ya Kern, serikali ilijenga kambi yenye maji safi na vyoo kwa ajili ya familia hizi. Watoto wao walichekwa shuleni kwa lafudhi na nguo zao, na wazazi wa mjini hawakutaka wakae nao darasa moja. Mkuu wa elimu wa kaunti, Leo Hart, alikodi uwanja ulio kando ya kambi, na mwaka 1940 walimu na wanafunzi wakaanza kujenga shule yao wenyewe. Walichimba hata bwawa la kuogelea. Nimewahi kujenga darasa la matofali ya kuchoma pamoja na wanafunzi, kwa hiyo najua mtoto anavyoutazama ukuta alioupandisha mwenyewe.

Mwaka mmoja wa ukame hapa kijijini kwetu, mahindi ya msaada yalipokuja, orodha iliandikwa kaya kwa kaya. Familia saba za vibarua zilizokuwa zikilima mashamba ya watu, nyingine kwa zaidi ya miaka 10, ziliambiwa ziende kwao zikaandikwe huko. Kwao ni wapi? Watoto wao nimewafundisha mimi. Mmoja hakurudi muhula uliofuata, na nilipouliza niliambiwa wamehamia upande wa Handeni, kwa nani haijulikani.

Ninachoomba, mhariri, ni hiki. Mkimtuma tena mwandishi kwenye ukame, akishamaliza kuhesabu ng'ombe waliokufa na ekari zilizokauka, aulize pale nani walikuwa wakilipwa kwa ng'we, na sasa wamelala wapi. Majibu myachapishe ukurasa ule ule wa ng'ombe.

Mwalimu mstaafu wa Historia,
Korogwe, Tanga