Mkaguzi wa nyumba apime shaba yenyewe

Mhariri,

Makala yenu kuhusu ukaguzi wa nyumba kabla ya kununua imetaja testa, klampu mita na kamera ya joto kuwa ndivyo vifaa vya kukagua umeme. Vyote vina kazi yake, lakini hakuna hata kimoja kinachomwambia mkaguzi waya una saizi gani. Klampu mita husoma mkondo unaopita wakati ule tu. Kamera nayo huona joto la wakati ule, na katika nyumba tupu ambayo hakuna kilichowashwa, waya mwembamba utakuwa umepoa sawa na wenzake.

Wengi basi hukadiria kwa macho, na hapo ndipo ninapokataa. Jicho linaona ganda la plastiki, na ganda nene huweza kuficha shaba haba. Maandishi yaliyopigwa chapa kwenye kebo yasomwe, naam, ila hayo ni ahadi ya mtengenezaji.

Kinachotakiwa ni geji ya waya, kile kisahani cha chuma chenye mapengo yenye namba pembezoni, au kalipa, kifaa chenye taya cha kupimia unene. Umeme uzimwe, testa ijaribiwe mahali penye umeme kabla na baada ya kuhakikisha kwamba waya umekufa, kisha fundi aliyesomea apime shaba tupu pale inapoingia kwenye breka. Saizi ya waya ni eneo la shaba ukiukata, kwa milimita za mraba: waya wa uzi mmoja wa 1.5 una kipenyo cha karibu milimita 1.38, na wa 2.5 karibu 1.78. Nani ataiona tofauti hiyo kwa macho, juu ya ngazi, gizani? Kwa waya wa nyuzi nyingi, pima uzi mmoja, zidisha kipenyo kwa chenyewe, kisha kwa 0.785, kisha kwa idadi ya nyuzi: nyuzi 7 za milimita 0.85 hutoa takriban milimita za mraba 4. Anayetumia geji ya AWG, mfumo wa Marekani wa kuzipa waya namba, akumbuke kwamba namba zake hushuka waya unaponenepa. Namba 14 ni milimita za mraba 2.08, na 12 ni 3.31.

Hata hivyo geji haijui madini. Waya wa alumini uliopakwa shaba hupita kwenye pengo lile lile bila shida, ilhali ukinzani wake, yaani jinsi unavyozuia mkondo, ni mkubwa zaidi. Sumaku haitaufichua, kwa kuwa alumini hainaswi. Kwaruza ncha kwa kisu uone kama kuna weupe ndani. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60228 kinabana ukinzani wenyewe: kwa nyuzijoto 20, shaba ya 1.5 ya uzi mmoja isizidi omu 12.1 kwa kilomita, na ya 2.5 isizidi 7.41. Mita 10 za waya wa 1.5 ni kama omu 0.12 tu, kwa hiyo multimita ya kawaida itababaisha, kwani nyaya zake zenyewe zaweza kuwa na zaidi ya hapo. Itumike mita ya ukinzani mdogo.

Saizi ikishajulikana, itazamwe breka. Breka ya ampea 32 kwenye waya wa 1.5 unaolisha soketi haiulindi waya huo. Waya unaweza kuungua breka ikiwa imetulia. Kwenye 2.5, mkaguzi aulize kwanza kama mzunguko ni wa duara, yaani waya unatoka kwenye breka, unapita soketi zote na kurudi kwenye breka ile ile, maana huko 32 inaweza kuwa halali.

Naomba wanaoandaa fomu za ukaguzi waongeze nafasi kwa kila mzunguko: saizi ya waya, ampea za breka, na kifaa kilichotumika kupimia. Neno “wayaringi iko sawa” likiwa peke yake, mnunuzi alirudishe kwa mkaguzi.

Fundi umeme, msomaji wenu