Darubini ya "60x60" tuliipima kwa rula

Wiki iliyopita kaka mmoja anayeendesha watalii aliingia dukani kwetu hapa Arusha hata salamu hakutoa. "Mmenipiga." Tulikuwa tumemuuzia darubini ya macho mawili ya 8x42 (inakuza mara nane, lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42) kwa shilingi 680,000, na mwenzake amenunua mtaani iliyoandikwa 60x60 kwa 85,000. Sitini au nane, kubwa ni ipi? Malalamiko haya tunayapata kila msimu, kwa hiyo leo nayajibu mara moja.

Bahati nzuri alikuja nayo hiyo ya mwenzake. Tukachukua rula. Lenzi ya mbele ilikuwa milimita 40. Tukaielekeza kwenye mwanga wa mlangoni, tukaishika mbali kidogo na uso, tukapima kiduara cha mwanga kinachoonekana kwenye kioo cha jicho: milimita 5. Gawanya 40 kwa 5 unapata 8, na huo ndio ukuzaji wake halisi. Ile sitini ni rangi tu iliyopigwa kwenye plastiki. Na kiduara chenyewe hakikuwa duara, kingo zake zilikatika kama mraba, dalili ya prizimu (vipande vya kioo vya ndani vinavyopindisha mwanga) za kioo cha bei ya chini. Zile lenzi nyekundu zinazovutia macho zinarudisha nje mwanga mwekundu, ndiyo maana simba anatoka kama amepakwa kijani.

Tena hata ingekuwa sitini ya kweli, usingeweza kuishika mkononi. Ukivuka 10 mikono inaanza kukusaliti, sembuse umesimama kwenye Land Cruiser na wageni wanne wanahamahama viti. Kwa kazi ya kila siku nashauri 8x42. Inaona eneo pana, na kiduara chake cha milimita 5.25 kinatosha mboni ya jicho inapotanuka alfajiri na magharibi, saa ambazo chui anashuka mtini. Anayeshinda Kreta ya Ngorongoro namwelewa akitaka 10x42, maana kule gari haliruhusiwi kuacha barabara na kifaru anaweza kuwa nukta tu upande wa pili. Zile ndogo za 10x25 ni nzuri mfukoni, lakini jua likizama nazo zimelala.

Sasa bei. Kati ya laki sita na laki tisa unalipia prizimu zilizopangwa sawasawa, mipako kwenye kila kioo, na mwili uliozibwa na kujazwa naitrojeni ili vumbi la Ndutu na ukungu visiingie. Zipo za milioni kadhaa na ni nzuri kweli, ila simshauri mtu anayeanza kazi aingie deni kwa ajili yake.

Kinachoniuma zaidi ni watu wanaozifungua. Mzee mmoja wa Tanga aliona kuvu ndani ya kioo akaipeleka darubini yake kwa fundi wa simu. Fundi akafungua, akasafisha vizuri tu, akarudisha prizimu na gundi. Kuanzia siku hiyo kila akitazama dakika kumi kichwa kinamgonga, kwa sababu mirija miwili haikutazama tena mahali pamoja. Kwetu kusafisha kuvu na kupanga prizimu ni 70,000. Yake tulianza kwa kubandua gundi, prizimu moja ikawa imemeguka pembe, ikabidi tuitafutie nyingine kwenye darubini mbovu. Alilipa 190,000 na akasubiri wiki tatu. Alinung'unika, na sikumpunguzia.

Na wanaofuta lenzi kwa fulana, jamani. Vumbi ni mchanga. Ukilifuta likiwa kavu unasugua mipako. Lipulize kwanza kwa pampu ya mkono, kisha brashi laini, kitambaa mwisho kabisa.

Yule kaka wa wiki iliyopita? Tatizo halisi la 8x42 yake lilikuwa pete ya kurekebishia jicho la kulia, aliyokuwa hajawahi kuigusa. Tulimzibia lenzi ya kulia, akalenga bango la ng'ambo kwa gurudumu la katikati mpaka herufi zikatulia. Kisha tukaziba ya kushoto, akageuza pete tu. Akanyamaza muda mrefu akilitazama lile bango.

Ukija kuchagua, njoo saa kumi na mbili jioni. Tunatoka nje na darubini tatu, unatazama Mlima Meru giza likiingia, na bei tunakutajia baadaye.