Haikuanguka futi 6,000

Mhariri,

Mei 21, 2024, Boeing 777 ya Singapore Airlines iliyotoka London kwenda Singapore ilikumbwa na msukosuko mkali wa hewa katika anga ya Myanmar, ikaenda kutua Bangkok. Abiria mmoja alifariki, makumi wakaumia. Vyombo vya habari karibu dunia nzima vikaandika kwamba ndege iliporomoka futi 6,000, na mpaka leo namba hiyo inarudiwa.

Si kweli. Wachunguzi wa Singapore walitoa taarifa ya awali siku nane baadaye, baada ya kusoma vinasa vya ndege: ilishuka futi 178, kama mita 54, kwa sekunde 4.6. Zile futi 6,000 ni mteremko wa kawaida kutoka futi 37,000 hadi 31,000, ambao marubani waliuanza wenyewe dakika 17 baadaye, nao ulichukua kama dakika tatu. Watu waliona mstari ukishuka kwenye tovuti za kufuatilia ndege, wakaunganisha na picha za majeruhi.

Kilichowaumiza abiria ni kitu kingine, na ndicho magazeti huruka. Ndani ya sekunde 0.6 nguvu iliyokuwa ikiwakandamiza vitini ilibadilika kutoka +1.35G (G moja ni uzito wa kawaida wa mwili, na alama ya kutoa maana yake nguvu imegeukia juu) hadi −1.5G. Kwa lugha nyepesi, ndege ilivutwa chini haraka kuliko mtu anavyoweza kuanguka. Asiyefunga mkanda hakurushwa juu: dari ndiyo iliyomfuata kichwani. Katika sekunde nne zilizofuata nguvu ikarudi +1.5G, naye akabwagwa sakafuni au juu ya jirani yake. Taa ya mkanda ilikuwa imewashwa sekunde nane tu kabla ya ndege kuporomoka. Sekunde nane hazimtoshi aliye chooni, wala mhudumu mwenye toroli la chakula.

Abiria akisema "tulianguka sana" hasemi uongo. Sikio la ndani halina futikamba. Mwandishi amnukuu, lakini kimo akiulize kwa wachunguzi. Aulize pia taa iliwashwa saa ngapi na waliojeruhiwa walikuwa wamefunga mikanda au la. Neno "mkali" nalo lina maana yake: katika msukosuko wa wastani vinywaji humwagika, lakini katika ule mkali vitu visivyofungwa huruka na rubani anaweza kupoteza udhibiti kwa muda mfupi. Siyo kila mtikisiko uliomwaga chai ni mkali.

Taarifa ile ilisema huenda ndege ilikuwa ikipita juu ya mawingu ya radi yaliyokuwa yakikua. Mawingu ya aina hiyo tunayo tele Ziwa Victoria. Rada ya ndege huona vizuri matone ya mvua, lakini vilele vya mawingu vyenye chembe za barafu tu huviona kwa shida, na hewa tupu yenye msukosuko haioni kabisa. Ndiyo maana mkanda hufungwa hata taa ikiwa imezimwa: chini kwenye nyonga, si tumboni, na juu ya blanketi ili mhudumu auone bila kukuamsha. Ukinaswa ukiwa kwenye ujia, kaa kiti chochote kilicho wazi na ufunge. Kisipokuwepo, keti sakafuni ushike chuma cha chini ya kiti.

Msomaji,
Dar es Salaam