Barua kwa mwanangu: uliza mara ya pili

Mwanangu Neema,

Tangu tuongee Jumapili silali vizuri. Ulinipa habari njema kwamba hatimaye umefaulu jaribio la simuleta, ile mashine ya kufundishia urubani, kisha ukaligusia jambo moja juu juu: uliona kapteni ameweka kimo ambacho mnara wa kuongozea ndege haukuwapa, ukanyamaza mpaka mwalimu akasimamisha zoezi. "Nilimstahi, Mama," ukasema. Neno hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Kila tukiongea unanihesabia saa zako za kuruka. Unanikumbusha kwamba Marekani, tangu 2013, rubani msaidizi wa shirika la ndege kwa kawaida hutakiwa awe na saa 1,500. Nafurahi zako zinaongezeka, na hakuna jirani ambaye sijamwambia. Lakini kapteni wa KLM, shirika la ndege la Uholanzi, kule kisiwa cha Tenerife, Hispania, tarehe 27 Machi 1977, alikuwa na zaidi ya saa 11,000, tena ndiye aliyekuwa akiwafundisha wenzake Boeing 747. Kulikuwa na ukungu mzito. Akaanza kupaa bila ruhusa. Mhandisi wa ndege akauliza kama ndege nyingine, ya shirika la Marekani la Pan Am, bado haijatoka kwenye njia ya kurukia. Kapteni akajibu kwa mkazo kwamba imetoka. Mhandisi hakurudia swali. Ndege zikagongana, wakafa watu 583.

Yeye angalau aliuliza mara moja, mwanangu. Wewe hata hiyo moja hukuuliza.

Baada ya ajali kama ile ndipo marubani walipoanza kufundishwa kusemezana, mdogo aseme na mkubwa asikilize. Najua nanyi mmelisoma somo hilo na ulipata alama nzuri. Kwenye karatasi hukunitia wasiwasi hata siku moja. Nahofia ulimi wako mbele ya mtu mzima, na najua ulikouokota ukimya huo. Hapa nyumbani aliyeuliza mara mbili aliambiwa ana kiburi. Marehemu baba yako hakuwa mtu wa maneno mengi, kwa hiyo sauti iliyokuwa ikisema hivyo unaijua.

Kabla hujaanza kazi, rudi kwa mwalimu umwombe zoezi lile lile, akuketishe na kapteni mkali kuliko wote. Useme kimo si hicho. Akikupuuza, useme tena. Kama yanalipiwa, niambie, fedha nitazitafuta. Wala usione haya kwamba umeshafaulu. Na ulale, kwenye picha uliyotuma macho yamekuvimba.

Paa la chumba chako limezibwa, ila vitabu viwili vililowa, nimeviweka sebuleni vikauke. Mdogo wako ameondoka na funguo za kabati, mwambie wewe azirudishe maana mimi hanisikii. Cherehani imekufa tena, fundi anasema ni mkanda.

Ukishaongea na mwalimu nipigie, hata kama ni usiku wa manane.

Mama yako