Kabla ya zamu yako ya kwanza

Neema mwenzangu,

Habari za siku nyingi? Mama Zuhura na mguu wake wanaendeleaje? Huku Tanga wazima, ila hili joto halina adabu. Najua nimekunyamazia tangu Pasaka, deni hilo nitalilipa. Kilichoniamsha ni ujumbe wako wa juzi: ati Jumatatu unaanza idara ya dharura, tena zamu ya usiku, na wiki nzima unakariri dozi mpaka unaziota. Hongera sana. Sasa hebu weka hilo daftari pembeni.

Dozi zimebandikwa ukutani, na kama hazijabandikwa, yupo wa kumwuliza. Kitakachokuumbua ni vifaa. Fika dakika 20 mapema, na kabla ya kupokea ripoti, pita kwenye kile chumba cha wagonjwa wa rangi nyekundu, yaani mahututi, ushike kila kitu kwa mkono wako. Karatasi ya ukaguzi isikudanganye. Alama za vema huwekwa hata kwa macho yaliyofumba.

Anza na ambu, ule mfuko wa kubinya wa kumpulizia hewa asiyepumua. Ziba tundu la mbele kwa kiganja, halafu binya. Ikikupinga, ni nzima. Ikibonyea kirahisi, hewa inavuja, na mara nyingi ni vali iliyorudishwa vibaya baada ya kuoshwa. Ile ya watoto huwa ina kivali cha kupunguza mgandamizo, ukibinya sana itatoa hewa. Huo si ubovu, usiitupe! Kisha washa mashine ya kufyonza makohozi na ukunje mrija. Mshale usipopanda, kaza kwanza mfuniko wa chupa kabla hujamsumbua fundi.

Mtungi wa oksijeni ufungue, usiutazame tu. Ule mdogo wa kusindikizia mgonjwa, saizi E, ukijaa una lita 680 hivi. Ukiwa nusu, kwa lita 10 kwa dakika, una kama dakika 34, na hapo lifti haijaja, na X-ray kuna foleni. Piga hesabu hiyo kabla hujasukuma kitanda. Barakoa yenye mfuko nayo, jaza mfuko kwanza ndipo umvishe mgonjwa, lita 10 hadi 15. Mfuko uliosinyaa haumsaidii, unambana tu.

Dawa nitakutajia mbili, maana najua hutatulia. Ya kwanza ni adrenalini. Kichupa ni kilekile, miligramu 1 kwenye mililita 1, lakini njia ni mbili. Mtu mzima aliyevimba koo na presha ikashuka kwa mzio: nusu mililita, kwenye msuli wa paja upande wa nje, na unarudia baada ya dakika 5 kama hajapata nafuu. Moyo uliosimama: miligramu nzima, kwenye mshipa, kila dakika 3 hadi 5. Kosa ni kuipeleka ile ya pili kwa yule wa kwanza. Kwa hiyo kabla hujavuta, rudia agizo kwa sauti: dawa, kiasi, njia. Daktari akinuna, anune.

Ya pili ni glukosi. Yeyote aliyechanganyikiwa, anayedegedega au asiyeamka, pima sukari palepale, na anayenuka pombe ndiye usimruke kabisa. Kwa mtoto usitumie ile ya asilimia 50 ilivyo. Ni kali, na ikivuja nje ya mshipa inaua nyama. Vuta mililita 10 zake, ongeza 40 za maji ya sindano, unapata 50 za asilimia 10. Mtoto ni mililita 5 kwa kila kilo, kwa hiyo hizo zinamtosha wa kilo 10. Kisha upime tena baada ya dakika 15 hadi 30. Hapo ndipo wengi husahau, mtoto akishafumbua macho kila mtu anashangilia na kuondoka.

Na pumzi, zihesabu dakika nzima. Ukisoma mafaili utadhani nchi hii kila mtu anapumua mara 20! Hapo mlangoni, anayepiga kelele koo lake liko wazi; mtazame mtoto aliyelegea mgongoni kwa mama yake. Kidole chenye piko au rangi ya kucha kinaweza kuidanganya mashine ya kupima oksijeni mwilini, hamishia kwenye sikio. Kidole cha baridi vilevile.

Ukichomwa na sindano iliyotumika, osha kwa maji na sabuni, usikamue, utoe taarifa usiku huohuo. Dawa za kinga dhidi ya VVU zianze mapema iwezekanavyo, mwisho saa 72, na unazimeza siku 28. Usisubiri kupambazuke kwa kuona haya.

Halafu viatu… hapana, hilo atakwambia Bahati, yeye ndiye fundi wa kununua viatu vya kuumiza.

Sasa nijibu: wamekupangia mtu wa kumfuata, au wamekutupa tu kwenye orodha ya zamu? Incharji wako, yaani msimamizi wa idara, ni mtu wa kuulizwa swali au wa kukimbiwa? Chanjo ya homa ya ini B umemaliza dozi zote tatu, au ulikwepa ile ya mwisho kama nilivyosikia? Saa tisa usiku utakula nini? Na saa yangu yenye mshale wa sekunde, iko kwako au kwa Bahati? Kama iko kwako, ivae.

Wako,
Rehema

N.B. Spana ya mtungi ndiyo hupotea kuliko kitu chochote. Ifunge kwa bandeji kwenye shingo ya mtungi, fundo mbili. Fundo moja wataifungua waende nayo wodini.