Padre wa nyimbo za nyumbani

Deo ndugu yangu,

Tumsifu Yesu Kristo!

Barua yako imefika salama. Yule padre wa Poland uliyeniulizia anaitwa Michał Marcin Mioduszewski. Alizaliwa Warsaw mwaka 1787, akajiunga na Shirika la Misheni la Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, akafia Kraków mwaka 1868. Maisha ya kawaida ya padre wa shirika, hayana visa vingi. Mambo yako kwenye vitabu vyake.

Wakati huo Poland kama nchi huru haikuwapo tena. Tangu 1795 Urusi, Prussia na Austria zilikuwa zimeimega hadi ikaisha. Watu walibaki na lugha yao na nyimbo zao, na nyimbo zenyewe nyingi zilikuwa vichwani mwa wazee tu. Vitabu vilivyokuwapo mara nyingi vilikuwa na maneno matupu. Tuni ujijue mwenyewe! Mwaka 1838 Mioduszewski akatoa Kraków kitabu chake, Śpiewnik kościelny, nyimbo za kanisa pamoja na nota zake, na baadaye akakiongezea viambatisho.

Lakini kinachonikuna mimi ni kile cha mwaka 1843, Pastorałki i kolędy, yaani nyimbo za wachungaji na nyimbo za Noeli. Jina lake refu linasema wazi kwamba hizi ni nyimbo za furaha ambazo watu huziimba majumbani wakati wa Noeli. Majumbani, siyo kanisani. Humo kwenye pastorałki wachungaji wa Bethlehemu wanageuka vijana wa kijiji cha Kipolandi: wana majina ya kwao, akina Kuba na Bartek, wanampelekea Mtoto siagi na jibini, wanapiga zumari na kutaniana njiani. Sasa fikiria paroko wako akisikia hayo wakati wa kutoa vipaji kwenye Misa!

Padre mwingine angezipiga marufuku akalala usingizi. Huyu aliona hazifai altareni, ila akakaa akaziandikia nota moja moja na kuzipeleka kiwandani zikachapwe. Kwangu mimi huo ndio usomi. Padre Jan Siedlecki wa shirika hilohilo alitoa kitabu chake cha nyimbo Kraków mwaka 1878, na mpaka leo kinaendelea kuchapwa; Mioduszewski alikuwa ameshamlimia njia.

Halafu usije ukadhani nyimbo za namna hii ni za wanakijiji tu. Chopin, yule mtunzi wa piano wa Kipolandi, akiwa mbali na kwao, aliutia wimbo wa Noeli wa kubembeleza mtoto, Lulajże Jezuniu, katikati ya Scherzo yake ya kwanza, kipande cha piano, na hiyo ilitoka miaka kadhaa kabla ya kitabu cha 1843.

Kuhusu kuimbisha kwaya yako Noeli hii: nota za Mioduszewski ni za sauti moja tu, hakuna kinanda wala besi. Sauti nyingine tatu utazitunga mwenyewe, na maneno tutayatafuta pamoja. Anza na moja ya kanisani kwanza, ya akina Bartek tuiweke ya sherehe ya kwaya.

Msalimie shemeji na watoto.

Ndugu yako,
Kizito